Machela ya Aako

Kamba ya katani ikilowa ina harufu yake. Si mbaya na si nzuri. Ni kama gunia lililoachwa nje usiku likachanganyika na jivu la jana. Juzi mvua ilitukuta tumepiga kambi chini ya Mlima Hanang, mimi na vijana wa parokia yetu, nikaisikia harufu hiyo tena baada ya miaka mingi. Kabla hata sijajua ninakumbuka nini, nilikuwa nimeshakasirika.

Msichana mmoja kati ya vijana hao alikuja na machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili. Aliiona kwenye simu, akaipenda, akainunua. Kamba zake hazikufika kwenye miti, akaziunga na za katani. Nilimkuta ameegemeza mguu mmoja kwenye shina, anavuta kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Alitaka machela inyooke, na ikanyooka kweli, ikawa kama ubao. Akakaa. Ikamgeuza, akaanguka kifudifudi kwenye majani yenye maji, wenzake wakamcheka. Akainuka, akaanza kuivuta zaidi.

Nilimwambia aifungue tuanze pamoja taratibu, kwamba hakuna anayezaliwa anajua. Nilisema hivyo kwa sauti ya upole, kama ninavyosema kila siku. Lakini ndani nilikuwa nachemka, na hasira ile haikumhusu yeye. Ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne, mwenye malengelenge viganjani, aliyesimama chini ya migunga miwili si mbali sana na pale.

Ninyi wa rika langu mliokulia Nambis, au popote huku juu Mbulu, mtakumbuka jinsi mavuno yalivyotuhamisha. Shamba la nyumbani lilikuwa dogo, limebanwa na ya majirani kila upande, kwa hiyo baba alilima jingine huko chini, kwenye tambarare za Hanang. Mahindi yakikauka tulishuka familia nzima: masufuria, punda, kuku ndani ya tenga, maturubai ya kuanikia. Tulijenga kibanda cha mabua, tukalala chini, juu ya mabua yaliyofunikwa kwa magunia, mpaka shamba liishe. Tulipaita kambini. Asubuhi mlima ulikuwa umevaa wingu, na upepo wa baridi ulipita katikati ya mabua ya ukuta kana kwamba hakuna ukuta.

Aako tulikuwa naye kila mwaka. Aako ndivyo tunavyomwita babu kwa Kiiraqw. Huyu alikuwa baba yake baba. Ujanani alisafirisha mizigo kwa punda, kutoka Nambis kwenda Dongobesh na kwenye minada mingine, na alikuwa na sifa moja iliyomfuata hadi uzeeni: mzigo wake haukuwahi kumwagika njiani. Akimaliza kufunga, aliipiga kamba kwa kidole cha kati na kuinamisha sikio. Kamba iliyokazwa sawasawa hulia. Isipolia, alifungua yote akaanza upya, hata kama punda wa wenzake wameshavuka kilima. Kwetu mzigo uliolegea haukuwa jambo dogo. Kila mtu unayekutana naye njiani anauona, na kabla hajakusalimu ameshaamua kwamba wewe ni mvivu au umetoka kunywa.

Mwaka ule mgongo wake ulikataa. Akilala chini hakuweza kuinuka bila kushikwa huku na huku, na usiku kucha alikuwa akiguna na kujigeuza. Baba hakutaka aje kambini kabisa. Aako akasema mtu akishaachwa nyumbani wakati wa mavuno, mwaka unaofuata hakuna hata anayekumbuka kumuuliza kama anakwenda. Akaja. Lakini hakulala. Aliishia kukaa ameegemea magunia, blanketi mabegani, akisubiri kukuche, na mchana alisinzia mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Ndipo baba akamwambia, kwa heshima na kwa kichwa kilichoinama, kwamba siku ya mnada lori litakuja kuchukua mahindi ya kwanza. Kama bado hajapata namna ya kulala, atapanda mbele na dereva arudi Nambis. Aako aligeuza kichwa. Alinitazama mimi.

Mimi ndiye niliyebaki naye kambini kutwa. Wakubwa walikuwa shambani. Sisi tulilinda mahindi yaliyoanikwa, tukafukuza kuku na ngedere, na kumwangalia mdogo wangu Fausta aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea vizuri. Nilijua nyumbani hakuna mtu. Nilimwona Aako akilini mwangu amekaa mbele ya mlango uliofungwa, akingoja jirani amkumbuke kwa kikombe cha uji, huku sisi sote tuko huku chini tunacheka na tunachoma mahindi. Mtoto huona jambo moja na kulikuza mpaka linajaza dunia yote. Kwangu lilikuwa hilo: Aako asipande lori.

Machela ililetwa na baba kutoka Katesh, alikokwenda kutafuta magunia. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifanya kazi huko ya kuwabebea mizigo wageni wanaopanda mlima, na mmoja wao alimwachia kitanda hicho. Mjomba aliposikia habari za mgongo wa mzee, akampa baba.

Sasa, mimi nilijua machela moja tu, ile ya zahanati, turubai lililopigwa kwenye miti miwili mirefu. Nilikuwa nimeiona ikipita nyumbani ikiwa imembeba mama mmoja wa jirani, na mama yule hakurudi. Kwa hiyo baba alipoifungua mbele yetu na kusema, "Hii ni machela ya Aako," nilielewa kila kitu, na nilielewa vibaya. Nilidhani wakubwa wameshakubaliana. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia, nikamchukia mjomba kwa moyo wangu wote. Mama aliponikuta na kunitoa maneno, alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba wageni hao hulala humo kwa kupenda wenyewe, wakiwa wazima kabisa. Sikumwamini sana, lakini nilifuta machozi.

Ilikuwa ya kijani, ya kitambaa chepesi kama cha mwavuli, kimekusanywa kila ncha kama mdomo wa gunia. Kutoka ncha hadi ncha, juu ya kitambaa, kulikuwa na kamba nyembamba kama ya kiatu, na kamba hiyo ilikuwa fupi kuliko kitambaa chenyewe. Hakuna aliyejua ni ya nini. Mimi nilisema ni ya kuanikia soksi.

Aako aliichukua machela kama alivyochukua kila mzigo. Alichagua migunga miwili karibu na njia, akaleta kamba ya katani, akafunga, akavuta. Kitambaa kikaendelea kulegea. Akavuta zaidi. Kamba ile nyembamba ilinyooka ikawa kama waya, akaigonga kwa kidole ikalia vizuri, lakini chini yake kitambaa kilining'inia vilevile, kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino. Aliizunguka. Akapima kwa mikono. Mwishowe akatoa hukumu kwamba aliyeshona alikosea: amekata kamba fupi kuliko kitambaa, na ndiyo inayozuia kitanda kisikaze. Akachomoa kisu, akaikata.

Niliona ni sawa kabisa. Kamba fupi kuliko kitu inachokifunga, nani asiyeona kosa hilo? Mama alikiokota kile kipande akafungia tenga la kuku.

Msichana wangu wa juzi naye alikuwa ameitoa ya kwake. Alisema ilikuwa inamzuia kuvuta. Nilikaa naye juu ya jiwe nikamweleza, na nitawaeleza na ninyi, maana huenda watoto wenu nao wameshaiona machela kwenye simu. Kamba ile si kosa, ni kipimo. Imefanywa fupi makusudi, ili hata ukivuta namna gani, yenyewe ndiyo ikaze na kitambaa kibaki na tumbo lake. Tumbo hilo ndilo kitanda.

Na kama huamini kwamba kukaza ni kubaya, usiniamini mimi, chukua ndoo. Ijaze maji, ipitishe katikati ya kamba, wewe ushike ncha hii na mwenzako ile. Mkiiacha kamba ishuke kwa mteremko kama wa paa la nyumba, mtabeba maji na kupiga hadithi. Sasa mrudi nyuma, kila mmoja kwake, mjaribu kuinyoosha. Mtasikia ndoo inaongezeka uzito na hakuna aliyetia tone. Rudini tena, mabega yatawaka, na kamba bado haijanyooka. Haitanyooka kamwe mkiwa na maji katikati. Itakatika kwanza, au ninyi mtaiachia. Kamba ya machela ni hiyohiyo, na maji ni wewe.

Lakini wakati ule hakuna aliyeniletea ndoo. Nilikuwa na Aako na kidole chake.

Ilipokwisha kukatwa kamba nyembamba, machela ilikaza kwa namna ya kumfurahisha. Aliigonga, ikalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakaa. Kingo mbili za kitambaa zikamjia mabegani zikambana kama harage ndani ya ganda, halafu kitu kizima kikageuka na kumtema. Ilikuwa bahati tulikuwa tumetandaza mabua chini. Alikaa pale akishika kiuno, akasema kamba haikukazwa vya kutosha.

Tulikaza. Mimi nikawa napanda kuijaribu kwanza, kwa sababu mifupa yangu ilikuwa ya kuchezea. Mara moja kamba ilikatika kwa kishindo nikaona nyota mchana. Mara nyingine ilishuka kwenye shina ikibandua gamba la mti, nikaenda nikachukua mkanda mpana wa tumbo wa punda, nikauzungusha kwenye mti kwanza na kamba ikafungwa kwenye mkanda. Hilo Aako alilikubali bila neno, kwa kuwa ulikuwa mkanda wa punda. Nikajaribu mipira ambayo baba alifungia mizigo kwenye baiskeli. Ile ilishika vizuri, Aako akalala akasema sasa tumepata, kisha ikaanza kurefuka polepole kama anayesinzia. Nilipotoka kufukuza kuku nikarudi, matako yake yalikuwa chini, miguu na kichwa viko juu, na siafu wameshapata habari.

Kila jioni nilipaka mafuta viganjani. Kila asubuhi nilifungua mafundo ambayo umande ulikuwa umeyakaza mpaka nikayauma kwa meno. Ladha ile ya katani iliyolowa ilikaa mdomoni mpaka nilipokunywa uji.

Na tulikuwa njiani, hilo nisilisahau. Watu wa kambi zote walipita pale kwenda kuchota maji. Mmoja wao alikuwa Mzee Safari, ambaye zamani alisafiri na Aako na punda wao, na tangu enzi hizo hawakuwahi kuacha kutaniana. Alisimama na ndoo zake, akaitazama ile kijani iliyokazwa kati ya miti, akamwamkia Aako kwa unyenyekevu wa uongo, maana walikuwa rika moja, kisha akauliza huyu punda wa kijani anakula nini, mbona amefungwa tumbo hivyo. Aako akamjibu kwamba heri punda wa kijani kuliko wa kwake, ambaye alikuwa akitembea na mzigo umemfika magotini. Wakacheka wote wawili. Lakini Safari alipoondoka, Aako aliigonga kamba tena, mara nyingi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hakuna anayejibu.

Kuku mmoja aliichafua machela, na mama akaniagiza niifue. Nilikuwa nimechoka na nimenuna. Nikaifua, nikaining'iniza kwenye migunga ile ili ikauke, nikafunga ovyo, kila upande kamba imeshuka, kitambaa kimetepeta katikati kama tumbo la nguruwe aliyezaa. Wala sikuigonga. Nikaenda zangu kugeuza mahindi.

Niliporudi sikumwona Fausta. Niliita, nikachungulia kibandani, nikakimbilia njiani. Alikuwa ndani ya machela. Alijipandia mwenyewe, maana ilikuwa imening'inia chini ya kutosha, na alikuwa amelala usingizi mzito, mshazari, kichwa kimeelekea kona hii na miguu kona ile. Kitambaa hakikumbana. Kilifunguka chini yake kikawa tambarare, kama mkono uliokunjuliwa.

Nilimtoa nikamlaza kivulini, nikaingia mimi. Kwa siku zote zile nilikuwa nimelala juu ya kitu kilichotaka kunitupa, na sasa kitu kilekile kilikuwa kinanipokea. Nilijaribu kulala katikati, mgongo ukapinda kama ndizi. Nikajisogeza mshazari kama Fausta, ukanyooka. Nikatazama juu, nikaona kamba inavyoteremka kutoka kwenye mti. Nikachukua kamba nyingine nyembamba, nikaifunga kutoka ncha hadi ncha machela ikiwa vilevile imelegea, ili nisisahau. Nilipomaliza nikaitazama. Ilikuwa fupi kuliko kitambaa. Nilikaa chini. Nilitaka kumpigia kelele mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

Na hapo ndipo hasira yenyewe ilipoanza, kwa sababu sasa nilikuwa najua.

Mtoto wa kwetu hamwambii mzee kwamba amekosea. Haikatazwi kwa maneno. Huoni tu mlango wa kupitia. Aako alipoamka kwenye kigoda chake nilimwamkia upya, shikamoo, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, nikamwomba ajaribu machela kama ilivyo. Alijibu marahaba. Akasimama mbele yake muda mrefu, akaitazama imetepeta vile mbele ya njia. Akanyoosha kidole, akaigonga kamba. Ikatikisika bila sauti.

"Hailii," alisema.

Akaifungua. Akaikaza. Kamba yangu nyembamba, ambayo haikuwa imara kama ile ya mwanzo, ikakatika kwa mlio mdogo ambao nausikia mpaka leo.

Kesho yake alipokwenda porini mara moja niliilegeza. Aliporudi aliikaza. Nikailegeza alipokwenda kumtazama punda, akaikaza nilipokwenda kuosha vyombo. Hatukusemezana juu ya jambo hilo hata neno moja. Tulikuwa tunafanya kazi moja, kwenye miti ileile, kila mmoja akibomoa ya mwenzake, na wote tukitaka kitu kilekile. Nilimweleza mama, akasema yeye hawezi kuingia kati ya baba mkwe wake na kamba. Baba alikuwa anarudi jioni amekufa kwa uchovu. Nikaacha kamba, nikatoka na fimbo kwenda kufukuza ngedere, na ngedere hawakuwepo, nikayapiga mabua mpaka fimbo ikavunjika.

Usiku Aako aliegemea magunia. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, akawa ananiita kwa jina la shangazi yangu. Mnada ukakaribia mpaka ukawa ni kesho. Mama akakunja blanketi la pili la Aako na kuliweka kwenye mfuko, taratibu, kama anayetumaini hakuna atakayemwona.

Nilipouona mfuko huo nilikwenda mgungani. Alikuwa pale, ameshika kamba, anavuta kwa uzito wake wote uliobaki, ambao haukuwa mwingi. Nilisahau adabu. Nilimwambia Aako acha, nilimwambia Fausta alilala humo, nimelala mimi, ikilegea haiumi. Nilimwambia sitaki aondoke. Nilikuwa nalia kwa sauti, makamasi yananitoka.

Hakunigombeza. Alitazama njia, huku na huku, akahakikisha ni tupu.

"Unadhani sijui?" alisema kwa sauti ya chini. "Niliijaribu ulipokuwa unachota maji. Mgongo ulinyamaza." Akakohoa. "Sasa unataka Safari apite hapa anikute nimelala ndani ya mzigo uliolegea?"

Siku zote nilidhani ninapigana na mtu asiyeelewa. Kumbe aliyekuwa mbele yangu alielewa kuliko mimi, na ilikuwa bure vilevile, kwa kuwa tatizo halikuwa mgongo wala kamba. Tatizo lilikuwa njia. Na njia sikuweza kuihamisha.

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, upepo una baridi ya mvua. Mama alipiga kelele kutoka shambani kwamba tufunike mahindi. Tulifunika kwa maturubai mapya, likabaki lile kuukuu lenye viraka. Nikalitazama. Nilimwambia Aako kwamba machela nayo italowa, tulipige hili juu yake, lakini kamba yake ya juu mimi siwezi. Turubai halitaki kulegea hata kidogo. Kamba ikilegea linafanya shimo, maji yanajaa, yanaanguka yote kwa pamoja. Hiyo afunge yeye.

Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu ndilo nililomfundisha msichana wa juzi na ndilo linalowachanganya wengi. Ni kamba mbili na ni kazi mbili. Ya juu, inayobeba turubai kama mgongo wa paa, haibebi mtu. Ikaze utakavyo, na usipoikaza utajuta. Ya chini inabeba mtu, iache iteremke. Mtu akizichanganya hizo mbili, halali.

Aako aliifunga ile ya juu kama anaufunga mzigo wa kupeleka mbali. Mikono ilikumbuka yenyewe. Alizungusha, akapitisha, akavuta kwa mgongo ule ule mbovu na hakuguna. Akaigonga. Ikalia, ikalia kweli, sauti safi iliyofika kwenye miti yote miwili na kurudi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuje. Kisha tukalitandika turubai juu yake, na upande wa njia tukalishusha mpaka chini, tukalikandamiza kwa mawe. Mtu aliyepita aliona kamba iliyokazwa kuliko kamba zote za Hanang, na chini yake ukuta.

Nyuma ya ukuta huo nililegeza ya kwangu. Aako alivua makatambuga, akaweka fimbo, akasikiliza kama kuna anayekuja. Akakaa, nikashika kingo, akainua miguu. Nikamwomba asogeze miguu huku na kichwa kule. Alinung'unika kwamba sasa analazwa kama Fausta. Kisha hakunung'unika tena.

Mvua ilinyesha kidogo ikapita. Asubuhi ya mnada jua lilichomoza, uji ukaiva, watu wa kambi za jirani wakaja kusaidia kupakia, Mzee Safari akiwa mmoja wao, na Aako bado alikuwa hajatoka. Lori likafika kwa vumbi na honi. Baba akachukua ule mfuko wenye blanketi, akainama kwenye turubai.

"Shikamoo, baba."

Akarudia kwa sauti zaidi.

"Marahaba," Aako alijibu kutoka ndani. "Mbona unanipigia kelele?"

Baba akamwambia lori limefika. Aako akamwambia basi wapakie mahindi. Baba alisimama pale na mfuko mkononi, hajui aupeleke wapi. Akaitazama kamba ya juu, akaigonga kwa kidole kama alivyofundishwa utotoni, ikalia. Akauliza ni nani aliyefunga.

"Mimi," Aako alisema.

Mzee Safari alitikisa kichwa kwa kusifu. Alisema yeye aliijua tangu jana alipopita, mkono ule haujifichi. Watu wote wakakubali. Nilifungua mdomo. Mama, aliyekuwa anashona gunia, aliinua macho akanitazama, nikaufunga. Nilikuwa na malengelenge kwenye kila kidole, meno yangu yalikuwa yananuka katani, na kambi nzima ilikuwa inasifu fundo lisilobeba mtu.

Wakapakia. Lori likaondoka na kiti cha mbele kikiwa kitupu, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya njia, nimekunja ngumi, natamani kulilia jambo ambalo nililitaka na nimelipata. Watu walipokwisha kurudi shambani na njia ikawa tupu, nilisikia jina langu linaitwa kutoka nyuma ya turubai, kwa sauti ya chini sana, jina langu lenyewe safari hii, si la shangazi.

"Njoo," alisema. "Nimejigeuza. Nirudishe mshazari kama jana."